Ithungu wa Ukurasa Mmoja

Mtu wa Bwera akiwa na ugomvi wa shamba na anataka maelezo yake yaandikwe kwa Kiingereza kinachosomeka, alikuwa anaelekezwa kwa Ithungu. Hakuwa wakili, na wala hakupenda kuitwa wakili. Alikuwa mpiga chapa, mwenye meza mbili, kompyuta moja, na mashine ya kutoa nakala iliyokohoa kila asubuhi kabla ya kuanza kazi. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara inayoshuka kwenda Mpondwe, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo.

Watu walikuja, wakaketi, wakaeleza kwa Kikonzo, lugha ya kwao. Ithungu aliandika kila walichosema kwenye daftari kwa kalamu, kisha akageukia kompyuta na kuyabana yote hayo katika ukurasa mmoja wa Kiingereza. Mawakili wa mjini Kasese walimpenda kwa hilo. Wakili mmoja aliwahi kumwambia kwamba mteja huja na gunia la maneno, Ithungu akarudisha kikombe cha unga. Jina likamkaa: Ithungu wa Ukurasa Mmoja. Naye akalivaa kama kitenge kipya.

Mwezi wa saba mwaka 2017 alikuja kijana mmoja mrefu, mwenye kompyuta begani na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Aliitwa Mugenyi, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kutoka Kampala. Baba yake alikuwa mwanajeshi na yeye alikulia kambini, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu.

"Mama, keti. Soma hii," alisema, akimwekea karatasi mezani. Kisha akashtuka na sauti yake mwenyewe. "Samahani. Naomba usome."

"Mimi niko nimekaa tayari, afande," Ithungu akamjibu, na tangu siku hiyo hakumwita jina jingine.

Mugenyi alieleza shida yake. Alitaka kuifundisha kompyuta kusoma kesi za ardhi kama mwanasheria anavyosoma: itafute mambo yanayoipa kesi nguvu na yale yanayoidhoofisha, ilinganishe na kesi za zamani, kisha iseme nani ana nafasi ya kushinda, na sababu zake. Kituo kimoja cha msaada wa sheria kilikuwa kimempa mafaili mia tatu na themanini yaliyokwisha kuamuliwa, majina yote yamefutwa kwa wino mweusi. Karibu nusu ya maelezo ndani yake yalipigwa chapa na Ithungu. Alihitaji mtu wa kuyapitia na kuweka alama: hapa kuna mashahidi, hapa kuna mazao ya kudumu, hapa kuna mimea ya mpaka, hapa aliyelima amekaa miaka kumi na zaidi.

Ithungu aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotarajia. Wino mweusi haukumsumbua hata kidogo. Alikuwa akisoma mistari miwili tu na kusema moyoni, huyu ni yule mwenye mbuzi watatu, huyu ni yule aliyelia. Kwa miezi mitatu aliweka alama asubuhi na kupiga chapa za wateja mchana. Mumewe Tefiro, aliyefanya kazi katika kiwanda cha saruji cha Hima na kurudi nyumbani Jumapili, alianza kulalamika kwamba mkewe sasa anamhoji kama shahidi.

"Umesema ulinunua hii nyama. Nani alikuwepo?"

"Mwenye bucha," Tefiro alijibu, na kuendelea kula.

Mwezi wa kumi na moja Mugenyi alirudi, uso umemshuka. Kwa kesi za mjini, ambako watu huuziana viwanja kwa maandishi, kompyuta ilikuwa inapatia nane katika kila kumi. Kwa kesi za milimani, Kyondo na majirani zake, ilipatia tano. Mtu angerusha sarafu angefika hapo hapo. Profesa wake alimshauri ayaondoe mafaili ya milimani, kwamba ni machafu.

"Labda watu wa kule wanajichanganya wenyewe," Mugenyi alisema.

Ithungu alizaliwa Kyondo. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Afande, leta mbili zenye zimeshinda hiyo mashine. Niziangalie na macho yangu."

Mugenyi akaziweka pamoja mezani. Faili la kwanza lilisema: mjomba wake alimpa shamba mwaka 1998, akapanda kahawa. La pili lilisema hivyo hivyo, tofauti ikiwa mwaka tu. Wa kwanza alishinda kesi, wa pili akashindwa. Ithungu alizisoma mara tatu. Kwa jinsi zilivyoandikwa, hata wakili mwenye mvi asingeona tofauti. Lakini yeye aliwakumbuka wote wawili, na alijua kwamba habari zao hazikufanana.

Aliomba siku mbili. Nyumbani alivuta kasha la bati kutoka chini ya kitanda, mlimokuwa na madaftari yake ya miaka tisa. Hakuwahi kutupa hata moja. Akapata ukurasa wa yule wa kwanza, maneno yake kama alivyoyasema kwa Kikonzo: mjomba alinipa mbele ya ukoo, tukala, tukapanda mimea ya mpaka. Wa pili alisema: mjomba alinipa nilime mpaka mwanawe akue. Ithungu alikuwa amewaandikia wote neno moja la Kiingereza lenye maana ya alinipa, na kukata kilichofuata ili ukurasa utoshe.

Akafungua daftari jingine, na jingine. Alinipa nipande maharagwe. Alinipa nimwangalizie. Alinipa moja kwa moja, na wazee wakasikia. Kwenye Kiingereza chake wote walikuwa wamepewa tu. Mashine haikuwa na kosa, na watu wa Kyondo hawakuwa wamechanganyikiwa. Ithungu aliketi sakafuni, daftari mapajani.

Jumapili alimwambia Tefiro.

"Umekosea ama umefupisha?" Tefiro aliuliza.

"Nimefupisha mpaka nikakosea."

Tefiro alitafuna kidogo. "Basi mwambie kijana wa watu. Ameshakonda."

Jumatatu akamwambia. Alitegemea kulaumiwa. Mugenyi alifungua daftari la kwanza huku Ithungu akimtafsiria mstari kwa mstari, kisha akavuta kiti karibu.

"Endelea," alisema, kwa sauti ya kambini, na safari hii hakuomba samahani.

Wiki tano walipitia madaftari thelathini na moja. Sasa kila "alinipa" iliwekewa alama yake: ya kulima kwa muda, ya kutunza, ya moja kwa moja.

Katikati ya kazi hiyo Ithungu alikuta maelezo ambayo kesi yake ilikuwa haijaisha. Mzee Asanasio wa Kyondo alikwenda kufanya kazi hotelini Mweya miaka mingi, akamwachia Gidioni, mtoto wa kaka yake, shamba la kahawa. Aliporudi, Gidioni alikataa kutoka. Kwenye daftari mzee alisema: nilimpa aniangalizie. Kwenye ukurasa wa Kiingereza, uliokuwa kwa wakili wake tangu miaka miwili iliyopita, ilisomeka kwamba mzee alimpa Gidioni shamba.

Ithungu alifunga kibanda, akapanda pikipiki mpaka Kyondo. Mzee Asanasio alikuwa anaanika kahawa. Ithungu akamweleza yote, amesimama, mikono nyuma.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akigeuza kahawa kwa kiganja. "Kwa hiyo miaka miwili nimekuwa nikijishitaki mwenyewe," alisema. "Nilikuwa najiuliza kwa nini wakili wangu ananiangalia kama mjinga."

"Nisamehe, tata, baba yangu."

"Keti. Andika upya. Na safari hii utanisomea kwa Kikonzo kabla sijaweka kidole."

Maelezo mapya yalifika kurasa nne. Ithungu aliyapeleka kwa wakili yeye mwenyewe, na kumweleza kosa lilikuwa la nani. Wakili alipima uzito wa karatasi mkononi na kuuliza kama mashine yake ya kufupisha imeharibika. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata ukoo ulikaa na wasuluhishi. Gidioni aliposomewa maneno ya mzee mbele ya shangazi zake, hakuweza kuyakana, maana wawili kati yao walikuwepo siku alipokabidhiwa. Kahawa ikarudi kwa mzee. Gidioni aliachiwa migomba aliyoipanda mwenyewe upande wa bondeni, na wakaanza kusalimiana tena, ingawa kwa ufupi.

Kompyuta ya Mugenyi nayo ilijaribiwa upya. Kwenye kesi za milimani ilipanda kutoka tano mpaka saba na nusu katika kumi. Zilizobaki ziliishinda, na Ithungu alipozisoma alikiri kwamba hata yeye hakuelewa hakimu aliona nini. Profesa aliacha kuyaita mafaili yale machafu. Aliuliza kama kuna madaftari mengine.

Mwaka 2019 tasnifu ilifika Bwera ndani ya bahasha nene. Sura nzima ilikuwa juu ya neno "alinipa", na jina la Ithungu lilikuwa mwanzoni mwa sura hiyo, limekosewa herufi moja. Tefiro aliichukua kwenda nayo Hima. Wenzake wa zamu waliipitisha mkono kwa mkono wakati wa chai, wakatafuta picha, wakakuta majedwali. Mmoja akauliza hiki kitabu kinahusu nini hasa.

"Mke wangu," Tefiro alisema, akakifunga kwenye gazeti kisiguswe na saruji.