Oili Bado Mbichi

Jumamosi iliyopita mwanangu aliingia jikoni na viganja vyeusi. Alikuwa ameshikashika nguzo za ua mpya wa jirani, zile zinazopakwa oili chafu ili mchwa wasizile. Nilimsugua kwa majivu na sabuni ya kipande, na kadiri nilivyosugua ndivyo harufu ilivyozidi kupanda, nzito, ya chuma kilichoungua, inayokwaruza koo. Nilikasirika hadi mtoto akaniuliza amefanya nini. Hakuwa amefanya kitu. Hasira ile ni ya zamani, na ninyi nitawaambia ilikotoka.

Miaka ya tisini tulikaa Uriri, na tulikuwa na pikapu. Kwa jina ilikuwa ya baba. Kwa kazi ilikuwa ya mama. Baba aliiendesha hadi Homa Bay, mama akanunua omena, dagaa wa ziwani, wakarudi na magunia, kisha wakaenda soko la Ogwedhi, ambako wafugaji walinunua huku wameziba pua. Sare zetu, daftari zetu, hata Biblia ya nyumbani, vyote vilinuka omena, na sisi tulishukuru.

Ukifika wakati wa kubadilisha oili, mama alitaka gari liende gereji mjini Migori. Fundi wa pale alishamwambia wazi: gari linalopanda vilima na mzigo kila wiki libadilishwe oili kila mwezi, hata kama halijalalamika. Baba alicheka tu. Amlipe mtu kufungua boliti moja, na yeye mikono anayo? Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Gereji walibaki na oili chafu, na oili chafu ya pikapu yetu ilikuwa na wenyewe. Kijiji kizima kiliingoja, ya kupaka nguzo, bawaba za milango, hata miguu ya vitanda.

Na watu wale walikuwa na elimu yao. Oili, walisema, lazima iive. Ikitoka kwenye injini ingali na rangi ya chai ya mkandaa, mchwa ataila pamoja na mti. Basi jioni baba alifungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia, na wazee wakakizunguka. Mmoja alipangusa tone kwa kidole, akalinusa kama anayeonja mchuzi.

"Bado mbichi hii, Wuon Akinyi."

"Iache ipikike kidogo."

Wuon ni baba, Akinyi ni mimi, na baba yangu, mtu mpole ambaye hakuzaliwa na neno hapana mdomoni, aliiacha ipikike.

Mwaka mmoja mchwa waliila nyumba ya Dani Turfena, bibi yetu, mjane wa baba mdogo wa baba, hadi ukuta ukaegemea mgomba. Kwetu mjane hajijengei. Wanaume wa boma ndio wamjengee, na wale waliopaswa walikuwa wakisubiriana. Baba akajitwika. Miti ikakatwa, ikaanikwa, naye akamwahidi Dani oili yote, iliyoiva sawasawa, siku miti ikikauka. Mvua ikakataa miti isikauke. Oili ikaendelea kupikika ndani ya gari.

Msiniambie mama hakusema. Alisema mbele ya watu.

"Baba Akinyi, gari linakohoa."

"Linasafisha koo tu."

"Lipeleke gereji leo. Nitalipa mimi."

"Halafu Dani nimpe nini?"

"Mpe maneno. Hayo unayo mengi."

Wazee walicheka, wakasema nyar Kasipul, binti wa Kasipul, ana mdomo, wanawake wa upande wa Oyugis ndivyo walivyo. Mama akarudi jikoni.

Likizo ya Agosti nilipanda nao, nikakaa katikati. Tulikuwa tunatoka Homa Bay, tumeshaipita Rongo, magunia yamejaa hadi juu. Kwenye mlima injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga sufuria tupu kwa mwiko. Baba akaongeza moto. Ikagonga zaidi, ikalia mara moja, ikanyamaza. Mvua ikaja. Turubai lilikuwa na matobo, na omena ikishalowa mnunuzi wake ni kuku. Mama alipanda nyuma, akajilaza juu ya magunia na leso yake ameitandaza, kana kwamba mwili wa mtu mmoja unaweza kuwa paa. Baba alimwita ndani. Akavuta leso ifunike gunia la pembeni.

Fundi alipoitwa alichomoa kijiti, akakitazama, akakirudisha. "Hii si oili, mzee. Hii ni lami." Injini ilikuwa imekufa.

Gari lilivutwa hadi nyumbani. Baba akalala chini yake, akaimwaga oili ndani ya karai. Ilitoka polepole, nyeusi tii, na mzee mmoja aliyesimama hapo akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema sasa ndiyo imeiva. Baba aliimimina kwenye jerikeni, kisha akaketi kando yake. Hakuweza kuibeba. Mama ndiye aliyetoka jikoni, akajitwika, nami nikamfuata nyuma hadi kwa Dani.

Dani alilia kwa furaha. Alimshika mama mikono yote miwili. "Mshukuru sana mume wako, nyar Kasipul. Roho kama ile haipatikani tena."

"Nitamwambia, Dani," mama alisema.

Na alimwambia. Tulipokuwa tunakula alimfikishia baba salamu ile neno kwa neno, kwa sauti ya kawaida, bila kuongeza lake hata moja. Baba alirudisha tonge sahanini, akanawa, akatoka nje. Nilishangaa mtu aliyeshukuriwa vizuri hivyo kushindwa kumaliza ugali.

Mtoto huona shukrani, haoni ilikogonga. Sasa nina nyumba yangu na nimeelewa. Dani alihitaji nyumba, na hilo sina ubishi nalo. Baba alikuwa na roho ya kweli, nami nampenda kwa ajili ya roho hiyo. Lakini roho ile ilikuwa na mlipaji, na siku zote mlipaji huyo alikuwa jikoni, ameambiwa ana mdomo. Siku ile mama alikuwa na matusi ya kumtosha kila mtu pale bomani. Akachagua kumpa baba asante aliyotumwa, nzima kama ilivyo, aibebe mwenyewe.