Kisanduku Chenye Joto

Fundi umeme wetu hugusa kila kitu kwanza kwa mgongo wa mkono, hata kikombe cha chai. Mke wangu alipomuuliza sababu, alicheka: "Kiganja kikishika umeme kinang'ang'ania, shemeji. Mgongo wa mkono unakimbia." Akiwa kazini hupiga mluzi wimbo usiokwisha, na kabla ya kutoa bisibisi hunusa ukuta kama jirani anayetaka kujua mmepika nini. Leo tulimwita kwa sababu taa zilikuwa zinafifia. Akafika kwenye kisanduku cha swichi kuu, pale koridoni, akakuta soksi za mtoto zimeanikwa juu yake. Akakigusa kwa mgongo wa mkono. Mluzi ukakatika.

"Shemeji, hiki kina joto tangu lini?"

"Siku zote mbona! Ndiyo maana naanika hapo, zinakauka chapchap."

 Fundi alizishusha soksi, akazikunja moja ndani ya nyingine, akampa mke wangu. Kisha akazima swichi kuu, akafungua kifuniko. Harufu ya plastiki iliyoungua ikatupiga usoni. Nyaya zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, na ukuta nyuma yake ulikuwa mweusi tii.  Akaugonga ukuta kwa vidole. "Upande wa pili kuna nini?"  Mke wangu alikuwa ameshakimbilia chumbani kumnyakua mtoto. Kitanda chake tulikisogeza wenyewe hadi kwenye ukuta ule, ili apate joto.