Bi Sindano na vitabu vilivyochoka

Saa tatu asubuhi, katikati ya ukumbi wa kusomea wa maktaba ya jiji, Bi Sindano anapitisha uzi wenye nta kwenye mgongo wa kitabu cha hesabu. Miwani moja iko machoni, nyingine utosini.

“Hiki kimeachana na jalada lake,” anasema bila kuinua macho. “Mimi ndiye msuluhishi.”

Jina la Bi Sindano alipewa na wafanyakazi wenzake, maana tangu usichana wake kazi yake ni kushona vitabu vilivyofumuka. Mkono wa sindano aliurithi kwa baba yake, fundi cherehani.

“Baba alitaka nishone magauni. Nilipomwambia nimeajiriwa kushona vitabu, alicheka mpaka machozi yakamtoka.”

Siku hizo maktaba ilikuwa maktaba. Watu walipanga foleni kabla ya mlango kufunguliwa. Gazeti moja liligawanywa kurasa, mwenye michezo huku, mwenye matangazo ya kazi kule, kila mmoja akimkodolea mwenzake macho amalize. Waliokosa viti walisomea madirishani.

Hapo ndipo alipompata mumewe, fundi umeme aliyekuwa akiazima vitabu vizima na kuvirudisha vimechanika.

“Nikamgombeza wee! Kumbe mwenzangu anachana makusudi, apate sababu ya kushuka karakanani kwangu, ghorofa ya chini, nimseme.” Anacheka, kisha anakaza uzi. Mume ametangulia mbele ya haki. “Mpaka leo nikikuta ukurasa umechanika kwa mstari ulionyooka, namkumbuka.”

Kisha zikaja simu za kiganjani, na ukumbi ukaanza kupwaya. Mwaka juzi wakuu wa jiji wakatangaza kwamba jengo zima litageuzwa maduka. Wananchi wakaitwa kikaoni kutoa maoni.

Bi Sindano alikwenda shingo upande. “Nilijua tutakuwa mimi na viti.”

Akakuta watu wamefurika mpaka ngazini. Muuguzi mmoja, bado yumo ndani ya sare ya kazi, akasimama. “Nyumbani tulilala chumba kimoja, ukoo mzima, na taa moja. Pa kufungulia kitabu nilipapata hapa. Leo mdogo wangu anasomea meza ileile. Mkiweka duka la viatu, aende wapi?”

Dereva wa lori aliyestaafu akadakia, “Jiji zima hili, ni hapa tu ninapoweza kukaa kutwa bila mtu kuniuliza nanunua nini.”

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wakuu wakalegeza kamba, maktaba ikanusurika. Lakini ghorofa ya chini ilipangishwa, na karakana ya Bi Sindano ikaenda nayo.

“Nililia nikifungasha vifaa vyangu. Kuta zile zilinizoea.”

Meneja wa maktaba akamwekea meza ukumbini. Mwanzoni aliona haya kufanya kazi kadamnasi ya watu. Baadaye wasomaji wakawa wanasimama kutazama, na siku moja binti mmoja akamnyooshea kitabu cha hadithi kilichokuwa kikining’inia kwa nyuzi.

“Shangazi, kinatengenezeka kweli? Marehemu mama alikuwa akinisomea hiki.”

“Lete, mwanangu. Kisichotengenezeka ni yai.”

Tangu hapo watu huja na vya kwao, na wengi wakishafika hukaa wakasoma.

Mwakani Bi Sindano anastaafu, na hajapatikana wa kumrithi. Ameomba kufundisha ufundi huo kila Jumamosi. Meneja amekubali, na tayari wamejiandikisha mpishi wa hoteli, kinyozi, na mtu na mkewe.

Yeye mwenyewe ana hamu yake nyingine.

“Miaka yote hii nimevishika vitabu hivi migongo, vingi sijavisoma hata ukurasa mmoja,” anasema. “Nikistaafu nitarudi hapa kama msomaji. Nitavuta kiti, nifungue kitabu. Na nikikikuta kimefumuka, sikigusi! Nitanyoosha mkono nimwite fundi.”