Baba Alivyomsemea Muuaji

Tangu mama yangu azikwe, katika baridi yetu ya kwanza Toronto, baba alikuwa hasemi. Ukimuuliza kama amekula, anatikisa kichwa. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Niliogopa, tena kwa hasira. Nilikuwa nikitoka kazini ghalani Rexdale, miguu imevimba, namkuta dirishani nyumbani kwetu, mtaa wa Dixon, akitazama ndege zikitua, natamani hata anigombeze.

Na huyu ndiye aliyekuwa msemaji wa filamu katika ukumbi wa parokia, Bukavu. Wengi wetu hatukujua Kifaransa, kwa hiyo alisimama kando ya shuka jeupe la picha na kutufasiria kwa sauti. Tuliyoipenda kuliko zote ni ile ya muuaji wa Paris, mwenye kofia na koti la mvua, mtu asiyecheka wala kupaza sauti. Vijana wa mtaa wetu walivaa makoti kama yale juani, jasho likiwatiririka, ili wafanane naye. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi tulitaka tuambiwe, na baba alituambia.

Jumamosi moja niliiona kaseti ya filamu ile maktabani. Niliiazima bila matumaini makubwa, nikaiweka mchana ule ule, mwanangu akiwa amekaa sakafuni. Muuaji alikuwa ndani ya gari, mvua inapiga kioo, hakuna anayesema.

"Mumutazame huyu," sauti iliyokwaruza ikatoka nyuma yangu. "Anajiuliza, nikifungwa, nani atalisha mama yangu?"

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atanyamaza tena. Baba akaendelea, akamsemea muuaji, akawasemea polisi, akamsemea hata paka wa mwenye hoteli. Nilicheka huku machozi yakinitoka. Kifaransa nilikwisha kujifunza shuleni, na hakuna neno hata moja la filamu lililofanana na maneno ya baba. Kumbe utoto wetu wote alikuwa akitutungia.

Mwanangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, alimgeukia babu yake akamuuliza kama kweli yule mtu amesema hayo yote.

"Hakusema kitu," baba akamjibu. "Mutu akinyamaza sana, lazima mwenzake amusaidie."

Kisha akaonja chai niliyomwekea, akanigombeza kwamba haina sukari. Nilikwenda kuichukua sukari nikimshukuru Mungu.