Fainali ya Bao na Tangawizi ya Asnath

Asnath hajawahi kushinda chochote katika kitongoji chetu isipokuwa ludo, na mara tu aliposhinda, ludo ikapigwa marufuku. Ili umwelewe, lazima kwanza uelewe jinsi wanaume wenye akili timamu, wenye vyeti vya kipaimara na kadi za mpiga kura, walivyofikia kugawa maji kwa kete.

Tunaishi mlimani, juu ya Hedaru, mahali ambapo malori ya barabara kuu yanaonekana kama siafu na hayasikiki. Maji yetu yako kwenye ndiva, bwawa la udongo na mawe lililochimbwa na mababu ili likusanye maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi mwenye zamu anafungua mlango wa ndiva, maji yanashuka kwa mfereji hadi shambani kwake, na jioni mlango unafungwa ili bwawa lijae tena. Siku moja, shamba moja. Kazi ya mababu ilikuwa nyepesi kuelewa. Sisi ndio tuliosoma.

Shamba la Asnath liko mwisho kabisa wa mfereji. Mume wake, Clemence, alipewa pale kwa sababu ni kitindamimba, na kaka zake walikuwa wameshachagua. Clemence anaendesha trekta kwenye shamba la mkonge huko tambarare, anapanda nyumbani Krismasi akiwa na khanga moja na ushauri mwingi. Kwa hiyo shamba ni la Asnath. Analima, anapalilia, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri, anafuga ng'ombe mmoja wa kufungiwa ndani, na kwenye vikao anakaa benchi la nyuma na kufuma. Mwaka huu alipanda tangawizi shamba zima. Hakuacha hata tuta moja la mahindi ya kujihami. Tangawizi ikipata maji, mwaka wake umekaa sawa. Ikikosa, anarudi kuomba kwa shemeji, yaani kwa wale wale walioanza kuchagua.

Zamani mgawaji wa maji alikuwa Wilbard. Aligawa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yake ilikuwa na tabia ya kuwakumbuka ndugu wa mke wake. Kikao kikamwondoa. Hapo nilisimama nikapendekeza zamu izunguke nyumba kwa nyumba, kuanzia juu hadi chini, halafu ianze tena. Nikaambiwa nimesoma sana. Kamati ya ndiva, chini ya mwenyekiti wake Mzee Rodrick, ikaamua kwamba kila zamu ishindaniwe kwa mchezo. Mchezo hauna shemeji, alisema Mzee Rodrick, na kikao kizima kikapiga makofi.

Tukaanza na ludo. Nakiri ludo ina sifa zake. Inachezwa na wanne kwa mara moja, haihitaji kipaji, na dadu haimjui mwenyekiti. Hii sifa ya mwisho ndiyo iliyoiua. Asnath alimla Mzee Rodrick kete mbili zikiwa zimebakiza hatua chache kufika nyumbani, akaomba radhi kila mara, akachukua zamu. Tangawizi yake ikanywa hadi ikashiba. Wiki hiyo hiyo kamati ikagundua kwamba ludo ni mchezo wa watoto. Mwinjilisti Tumainieli akaongeza kwamba askari pale msalabani nao waligawana mavazi kwa bahati nasibu, na wote tunajua walikuwa watu wa aina gani. Ikawa mwisho wa bahati mlimani kwetu.

Ikaja karata, arobastini ya wawili wawili. Uzuri wa karata ni ushirikiano: inakufundisha kumwamini mwenzako. Ubaya wake ni huo huo. Katika kitongoji ambacho kila mtu ni binamu wa kila mtu, meza nzima ilikohoa, ilikuna masikio, iliuliza habari za ng'ombe kwa sauti isiyo ya kawaida. Wilbard alicheza na mdogo wa mke wake na hawakupoteza mchezo hata mmoja. Asnath alicheza na jirani yake Leticia. Hao wawili, kwa ushamba wao, walicheza karata walizopewa.

Baada ya karata tukapanda ngazi hadi drafti. Drafti ni mchezo wa haki, tuliambiwa. Hakuna cha kuficha, vizibo vyote viko mezani, anayeshinda ameshinda kwa akili. Ni kweli tupu. Tatizo la akili ni kwamba haihami. Jabiri, mwenye duka, amekaa na ubao wa drafti kibarazani kwake tangu alipofungua duka, na alitushinda wote, akashinda tena, akaendelea kushinda. Nyanya zake zilipata maji mpaka zikaanza kupasuka. Asnath alidumu mbele yake kwa muda wa kumimina chai kwenye kikombe. Waliosimama nyuma yake walimshauri kwa sauti kubwa kila hatua, na ushauri wao ndio uliomuua haraka hivyo.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliwahi kuleta kutoka Same mchezo wa kwenye boksi, ule wa kununua mitaa na kuwatoza kodi wanaopita. Tuliucheza jioni moja. Aliyetangulia kununua akazidi kununua, wengine wakazidi kulipa, na hakuna aliyeweza kutoka. Watu waliuona hauna jipya. Walikuwa nao tayari, unaitwa kitongoji.

Ndipo Mzee Rodrick akakumbuka heshima. Bao, alisema, ni mchezo wa watu wazima. Lina sifa zote: hakuna dadu ya kishetani, hakuna kukohoa, na hata akili peke yake haitoshi, linataka subira. Ilitokea pia kwamba yeye ndiye bingwa wa bao, lakini jambo hilo halikutajwa, kwa adabu. Wanawake wakaruhusiwa kushiriki, ingawa hakuna aliyewahi kuwafundisha. Asnath alitolewa raundi ya kwanza. Alikusanya sweta aliyokuwa akifuma, akaaga, akaenda kutazama shamba lake. Majani ya tangawizi yalikuwa yameanza kuwa ya njano kwenye ncha na kujikunja kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Alimwambia Leticia kwamba likipita juma jingine bila maji, atachimba alichonacho, vidole vidogo visivyomfaa mnunuzi yeyote.

Fainali ilikuwa kati ya Mzee Rodrick na Jabiri, ambaye alikulia Tanga kwa mjomba wake na kumbe bao analijua pia. Walianza mchana, kibarazani dukani. Udhaifu wa bao ukaonekana hapo: watu wawili wanaolijua vizuri hawalimalizi. Kila mmoja alihesabu mashimo kwa macho, akanyoosha mkono, akaurudisha, akavuta pumzi kama anayeandika wosia. Jua likazama mshindi hajapatikana. Wakalifunika bao kwa beseni, wakalifungia dukani, na Mwinjilisti Tumainieli akapewa ufunguo, kwa kuwa ndiye pekee aliyeaminiwa na pande zote mbili. Asubuhi wakaendelea walipoishia, na karibu wanaume wote wa kitongoji wakawa wamewazunguka.

Ndiva nayo ilikuwa imejaa. Ndiva haisubiri fainali. Ikijaa usiku isipofunguliwa asubuhi, maji yanapanda juu ya ukingo na kuula, na ukingo ukibomoka tunarudi kwenye msaragambo wa kuujenga upya, kitongoji kizima na majembe. Hilo kila mtoto analijua. Wanaume kibarazani walilijua pia, na kila mmoja aliamini kwamba mwenye zamu ataenda.

Asnath alipanda na jembe lake. Alikuta maji yanamwagika juu ya ukingo. Alikaa kwenye jiwe akasubiri. Kisha akafungua mlango, akashuka na maji hatua kwa hatua, akiziba njia za mashamba ya juu, mpaka yakaingia kwenye tangawizi yake.

Habari ilifika kibarazani kwa mdomo wa Wilbard, aliyeiona na kuikimbiza. Jabiri aliruka, goti lake likapiga bao, kete zikatawanyika hadi kwenye magunia ya chumvi. Kabla ya saa sita baragumu la kuitia watu likapigwa, na tukajaa kwenye darasa la shule ya msingi, tunakofanyia vikao, Asnath mbele akiwa na tope hadi magotini.

Alianza kwa kuwaamkia wazee. Mzee Rodrick aliitikia marahaba kwa shida, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Careen, nani alikuruhusu kufungua ndiva?"

"Hakuna, Baba. Ilikuwa inamwaga. Nilimsubiri mwenye zamu, hakutokea."

"Zamu ni ya mshindi."

"Ndiyo, Baba. Nilikuwa namsubiri huyo."

Wilbard alisema wizi ni wizi, na alilisema kwa uzito wa mtu mwenye uzoefu. Akapendekeza faini ya mbuzi. Watu wakanong'ona. Mbuzi Asnath hana. Ana yule ng'ombe mmoja, na kila mtu alikuwa anamfikiria ng'ombe huyo.

Asnath hakubishana. Alisema anakubali faini. Ila kwa desturi yetu, alisema, mwizi anamlipa aliyeibiwa, na kabla ya kumlipa anamwomba radhi mbele ya watu.

"Kwa hiyo naomba aliyeibiwa maji yake leo asimame," alisema, "nimpigie magoti."

Mzee Rodrick alisimama. Jabiri alisimama.

Walitazamana.

"Kaa chini, kijana," alisema Mzee Rodrick.

"Shikamoo, Mzee. Wewe ndiye wa kukaa. Ulikuwa umebakiwa na kete za kugawia wajukuu."

"Nyumba yangu ya bao ilikuwa imejaa kete."

"Nyumba yako nilishaila jana kabla ya beseni."

Mwinjilisti Tumainieli aliulizwa, kwa kuwa alikuwa na ufunguo. Akasema yeye alilinda mlango, hakuhesabu kete, na bao lenyewe sasa halina ushahidi wowote. Waliokuwa kibarazani wakagawanyika nusu kwa nusu. Mmoja akachora mashimo ubaoni kwa chaki, mwingine akafuta, wa tatu akadai kwamba hata raundi ya nusu fainali ilikuwa na walakini. Wilbard alijaribu kuwarudisha kwenye mbuzi. Wakamwambia anyamaze, yeye alishaondolewa.

Asnath alisimama pale kwa adabu, akingojea wa kumpigia magoti. Alipoona hapatikani, alimwomba mwinjilisti ruhusa ya kwenda kufunga mfereji. Alipewa kwa ishara ya mkono, bila kutazamwa.

Nilimfuata. Maji yalikuwa yamefika tuta la mwisho, udongo umekuwa mweusi, na Leticia alikuwa pale na jembe lake akinyoosha mfereji kuelekea upande wake. Nilimuuliza Asnath kama hakuogopa kupoteza ng'ombe. Akasema aliogopa tangu alipokuwa amekaa kwenye jiwe.

Kikao kiliamua fainali irudiwe. Ilirudiwa kesho yake, ikafunikwa na beseni jioni, ikarudiwa tena. Hadi sasa ninapoandika mshindi hajapatikana, na sheria iko wazi kwamba bila mshindi hakuna mwenye zamu, na bila mwenye zamu hakuna wa kuibiwa. Kila asubuhi wanaume wanakwenda kibarazani kwa Jabiri kulinda haki. Kila asubuhi wanawake wa mwisho wa mfereji wanapanda kwenye ndiva na majembe, leo Leticia, kesho mwingine, kwa mzunguko, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyewaambia wamesoma sana.

Tangawizi ya Asnath imefika kiunoni.