Mtengeneza Filamu Aliyeambiwa Akae Ale

Nilikuwa nimekwama kwenye foleni ya magari nikitoka kazini Don Mills, hapa Toronto, simu ilipolia, nikaambiwa kwamba rafiki yetu Mmarekani Mweusi, mtengeneza filamu, amefariki. Nilizima redio. Nimechoka na simu za aina hii, msomaji wangu. Umri wetu umekuwa wa kupokea habari za watu tuliopanga kuwatembelea theluji ikishayeyuka.

Wengi wenu mlimwona. Ndiye yule bwana mrefu mwenye kofia ya sufu aliyepiga video harusi zetu za Brampton, mji wa jirani. Alikuja Toronto ujanani kuonyesha filamu yake ya kwanza, iliyohusu wanaume Weusi waliofua mashuka ya hospitali katika mji wao, baba yake akiwa mmoja wao. Ilisifiwa sana. Akaoa hapa, akabaki, na filamu ya pili akaihangaikia hadi mwisho, hati yake ikizunguka ofisi kwa ofisi. Wafadhili wa kwao walimwona keshakuwa Mkanada. Wa hapa walisema hadithi zake ni za Marekani. Kila nikimuuliza kazi imefikia wapi, alijibu, "Bado wanaisoma." Waliisoma mpaka mvi zikamjaa, na yeye akaishi kwa harusi zetu. Inachosha kuandika haya, maana hayakumpata yeye peke yake.

Alipiga video harusi ya mpwa wangu pia. Shemeji yangu, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ametoa hotuba ndefu. Video ilipokuja, hotuba ilikuwa imebaki sentensi mbili, lakini akina mama waliokuwa wakimenya viazi katika jiko la kanisa walichukua karibu nusu nzima. "Huyu mtu tulimwita atuonyeshe viazi?" shemeji alifoka. "Hotuba yangu iko wapi?" Rafiki yetu alimjibu kwa upole kwamba hotuba kila mtu aliisikia, ila wale mama hakuna aliyewaona. Shemeji alinuna mwaka mzima, nami nikacheka mwaka mzima.

Baada ya mazishi, dada yake alinipigia kutoka Marekani. Picha za mnato anazo. Alitamani kumsikia akiongea, japo mara moja tu. Maskini, mtu aliyerekodi watu maisha yake yote hakuwahi kujirekodi. Nikakumbuka viazi. Nilimtumia kipande kile, tukakitazama pamoja, kila mtu kwake, simu sikioni. Mama mmoja mnene anamnyooshea kisu: "Wewe nawe! Tangu asubuhi unazunguka na hiyo kamera. Weka chini ukule."

Sauti yake inajibu kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Asante, Mama. Bado kidogo."

"Hakuna bado. Kaa!"

Anacheka, picha inayumba, na kamera inawekwa mezani bila kuzimwa. Dada akaniuliza wanasemezana nini. Nikamweleza. Akauliza, "Kwa hiyo alikula?"

Nilimwambia aendelee kusikiliza. Pichani yapo maganda ya viazi na ukingo wa sufuria tu, lakini kijiko kinasikika kikigonga sahani, kwa muda mrefu, kijiko cha mtu mwenye njaa. Dada alilia, nami nikalia.

Wapo wengine kama yeye humu mjini, wanaotuangalia wakati sisi tunahutubiana. Ukikutana na mmoja wao, usimuulize kazi imefikia wapi. Mvutie kiti, umpakulie.