Chokaa Ndani ya Kidole

Kwa miaka tisa nilimchoma kaka yangu sindano za penisilini, na ugonjwa wake haukuwa wa kutibiwa kwa penisilini. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wa kwetu bado hunisifu kwamba nilimuuguza vizuri.

Kaka alinizidi miaka kumi na minane. Baba yetu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo yeye ndiye aliyenilea. Enzi za Waingereza alifanya kazi mgodini Geita, akarudi kwetu Samuye na kununua ng'ombe wake wa kwanza, akaoa mwanamke wa Kisumbwa kutoka Ushirombo. Huyo wifi ndiye aliyenisuka nywele siku ya kwanza ya shule. Kaka naye alikataa kuniozesha nilipokuwa darasa la sita, ingawa wazee walishakaa na kukubaliana. Nilipomaliza mafunzo ya uuguzi na kupangiwa zahanati ya pale pale nyumbani, aliacha kuniita jina langu. Akaniita Nesi, hata mbele ya wageni, hata ninapokoka moto.

Ugonjwa ulianza baada ya mavuno ya pamba, miaka michache baada ya uhuru. Kaka alichinja ng'ombe kuwashukuru waliomsaidia kuvuna. Palikuwa na pombe ya mtama ya kutosha, na wifi akampikia maini yeye peke yake, kama alivyofanya kila sikukuu. Kesho yake asubuhi aliletwa zahanati juu ya baiskeli, jirani akiisukuma. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba na kung'aa kama bilinganya. Niliponyoosha mkono alinizuia.

"Usiguse, Nesi. Hata upepo unaniuma."

Sikuwahi kumsikia kaka akilalamika kwa maumivu. Nilimuuliza kama aliwahi kuumia mguu huo, akasema jiwe lilimwangukia kule mgodini. Basi, nikaona nimepata jibu. Niliandika kwenye daftari kwamba ni jipu la ndani linalotokana na kidonda cha zamani, nikamchoma sindano kwa siku saba. Siku ya saba alikuja akitembea mwenyewe.

Leo najua kwamba maumivu yale huja kwa kishindo, hukaa wiki moja hivi, kisha huondoka yenyewe hata usipofanya lolote. Wakati ule niliamini nimemponya. Yaliporudi mwaka uliofuata nilimchoma tena, akapona tena. Ili kumkinga nikawa nampa aspirini, kidonge kimoja kila asubuhi, na nikahakikisha hakosi hata siku moja.

Kadiri miaka ilivyopita, vipindi vya nafuu vilifupika. Maumivu yakahamia kwenye kifundo, kisha goti, kisha vidole vya mkono. Mtu aliyekuwa akilima na maksai tangu alfajiri hadi jua kali akawa anakaa kivulini na kuwatazama wanawe wakipindisha matuta. Akaanza kwenda kwa waganga wa kienyeji. Mmoja wao, upande wa Kahama, alimwambia kwamba anayemuumiza analala ndani ya nyumba yake.

Kaka hakuwa mjinga. Alikaa akahesabu. Siku moja aliniita, akaniambia taratibu kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake mara nyingi.

"Nikila chakula cha kawaida, ugali na mlenda, naamka mzima. Mke wangu akiniandalia chakula cha sikukuu, akaniwekea maini kwa mkono wake, kesho siwezi kukanyaga. Nimeangalia miaka yote hii. Sasa nakuuliza wewe uliyesoma. Kwenye vitabu vyenu kuna ugonjwa wa namna hiyo?"

Wifi alikuwa anatwanga, hatua chache kutoka tulipokaa. Mchi ulisimama.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nipe muda nikaulize mjini. Lakini nilikuwa nesi pekee wa pale, kila mtu aliniamini, na sikutaka ionekane kuna kitu nisichokijua.

"Hapana, kaka," nikasema. "Sijauona."

Wiki ile ile wifi alirudishwa kwao. Watoto wanne walibaki. Alipokuwa akifunga nguo zake kwenye kanga alinitazama mara moja tu, hakunitukana, hakulia. Nilimsindikiza hadi barabarani kwa sababu mzigo ulikuwa mzito.

Ugonjwa haukuondoka naye. Kaka alisema uchawi ukishaingia hauhitaji mwenyewe awepo.

Baadaye vikatokea vinundu, vigumu kama punje za mahindi, kwenye vidole na kwenye kiwiko. Kimoja kwenye kidole gumba cha mguu kikakua hadi hakuweza kuvaa hata kandambili. Nikasema ni usaha umeganda, nikachemsha vyombo, nikakipasua. Haukutoka usaha. Ilitoka chokaa. Nasema chokaa kwa sababu sina neno jingine: uji mzito mweupe, wenye chengachenga, kama ile tuliyopaka ukuta wa zahanati. Niliukamua nao ukaendelea kutoka. Nikaacha kukamua, kwa sababu hata mimi, na sare yangu nyeupe na cheti changu ukutani, niliwaza: mwili wa mtu hauwezi kuwa na chokaa isipokuwa imewekwa.

Kidonda kile hakikufunga. Baada ya miezi mitatu nilimpakia kaka kwenye lori la pamba nikampeleka hospitali ya misheni, safari ya siku nzima.

Daktari alikuwa kijana wa Kitanzania aliyerudi karibuni kutoka masomoni. Alimtazama kaka masikio kabla ya kumtazama mguu. Huko nako vilikuwepo, vinundu vidogo ukingoni mwa sikio, nami sikuwahi kuviona. Alimdunga sindano kwenye goti lililovimba, akavuta maji yake, akadondosha tone kwenye kioo, akaenda nalo kwenye hadubini. Kisha akaniita.

"Njoo uone, dada."

Niliona vijisindano. Vingi, vyembamba, vimelala huku na huku kama majani makavu yaliyomwagika.

"Hii ni jongo," akasema. "Damu yake ina tindikali iliyozidi. Figo zinashindwa kuitoa yote, basi inaganda kwenye viungo. Nyama nyingi, maini na pombe vinaiongeza. Ile chokaa uliyoikamua ni hii hii." Akafungua kadi ya kaka, akasoma. "Aspirini kila siku. Nani alikuwa anampa?"

"Mimi."

Alikuwa mtu mwenye heshima, na mimi nilimzidi umri. "Kwa kipimo hiki kidogo," akasema, "aspirini inaizuia tindikali isitoke."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka sakafu ilikuwa ya saruji, imepigwa rangi nyekundu.

Alinieleza kwamba siku hizi ipo dawa inayozuia tindikali isitengenezwe kabisa. Si ya kutuliza maumivu tu. Mtu akiimeza kila siku maisha yake yote, hata vinundu huyeyuka polepole. Wao walikuwa wameletewa kidogo kama msaada. Akanionya pia: mwanzoni, chokaa inapoanza kuyeyuka, maumivu yanaweza kurudi kwa nguvu. Dawa ya kukinga hali hiyo hawakuwa nayo. Nimwambie mgonjwa avumilie.

Sikumwambia. Niliogopa atakataa kuanza.

Tulipokuwa tukisubiri lori la kurudi nilimweleza kaka habari ya jongo. Nilimweleza vizuri, kwa Kisukuma, nikitafuta maneno. Nikasema, "Unaona, kaka, si mkeo. Ni maini na pombe, na damu yako ilivyo." Nilidhani sasa atatuma mtu Ushirombo.

"Kwa hiyo hata hospitali wamesema ni maini," akasema.

"Ndiyo, lakini..."

"Maini alikuwa anapika nani?"

Alimeza vidonge vile kwa wiki mbili na nusu. Kisha magoti yote mawili yakawaka pamoja na kifundo cha mkono, vibaya kuliko wakati wowote. Nilipofika nyumbani alikuwa analia, kaka yangu, mbele ya wanawe. Vidonge alikuwa ameshavitupa chooni.

"Nesi, umenipa sumu."

"Kaka, ni dawa inafanya kazi. Daktari alisema itaanza hivyo."

"Alisema? Alikuambia, na wewe hukuniambia?"

Tangu siku hiyo hakuniita tena Nesi, wala jina langu. Hakuniita chochote. Nikimsalimia shikamoo aliitikia marahaba akitazama pembeni.

Nilisafiri hadi Ushirombo kumtafuta wifi. Nilimkuta uani kwa mdogo wake, anamenya karanga. Alikuwa amezeeka. Alinipa kigoda na maji ya kunywa, nikamweleza yote: vijisindano, chokaa, damu, aspirini. Nikamwomba msamaha kwa jibu nililolitoa siku ile alipokuwa anatwanga.

Alimenya karanga nyingi kabla ya kusema.

"Kwa hiyo maini yalikuwa yanamuumiza kweli."

"Wifi, hukujua. Hakuna aliyejua."

"Mimi ndiye niliyekuwa namchagulia kipande kikubwa." Akainua ungo, akapepeta maganda. "Miaka yote hii nilikuwa na kitu kimoja, wifi. Nilijua sikumfanyia lolote. Sasa umekuja kukichukua."

Nilimwambia anaweza kurudi kwa watoto wake. Akaniuliza arudi kwa nani. Nikaondoka na basi la mchana.

Baada ya vita vya Uganda dawa ziliadimika kila mahali. Hata kama kaka angekubali, nisingekuwa na cha kumpa. Niliandika barua hospitali ile ya misheni mara tatu. Mara ya tatu nilijibiwa kwamba yule daktari amehamishwa, na dawa ile hawajaiona kwa muda mrefu. Kabati langu la zahanati lilikuwa na chanjo, vidonge vichache vya malaria na dumu la dawa ya kusafishia vidonda.

Figo zake zilikufa polepole. Uso ukaanza kuvimba asubuhi, kisha miguu, kisha tumbo, na pumzi yake ikawa na harufu ya mkojo. Nilimpeleka mjini Shinyanga, wakampima damu, wakanirudisha naye. Alifariki mwanzoni mwa msimu wa mvua, watu wakiwa mashambani, nikiwa nimemshika mkono uliojaa vinundu. Sijui kama alijua ni mkono wangu.

Baada ya maziko wazee wa ukoo walikaa kutafuta nani amemmaliza. Niliomba ruhusa ya kusema, wakanipa, kwa kuwa nilikuwa nesi. Nikawaeleza jongo ni nini. Walisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yetu, akanishukuru kwa elimu yangu na kusema yule mke wa kaka apigwe marufuku kukanyaga kaburi.

Watoto wote wanne wa kaka na wifi walikuwepo. Hakuna aliyepinga. Mkubwa wao, aliyekuwa na mke tayari, alitikisa kichwa kukubali, kisha akaniuliza kwa upole kama nimekula.